Ukishaambiwa "Salama": Mwongozo Kamili wa Kumchunguza Mama Aliyejifungua Kama Ana Sonona

Umepiga kopi dodoso la kupimia sonona, ule ugonjwa wa moyo mzito na kukosa raha, umewauliza wazazi wote waliokuja chanjo, na mwisho wa mwezi rejesta yako inasema hakuna hata mmoja anayeugua. Rejesta za namna hiyo nimezishika nyingi huku kwetu Kusini mwa Tanzania, na ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sehemu kubwa ya matatizo hayo ni sonona. Kwa hiyo ukipima wazazi 50 usimpate hata mmoja, usishangilie. Umekosea mahali.

Mara nyingi kosa haliko kwenye dodoso, liko kwenye salamu. Sisi tumelelewa kujibu "salama" hata nyumba ikiwaka moto. "Habari za nyumbani?" "Salama tu, ila bibi tumemzika jana." Sasa mzazi anaulizwa "Unaendeleaje?" na nesi aliyesimama, foleni inasukumana nyuma, mama mkwe yuko ubavuni. Atajibu "Salama", na hapo hajajibu swali lako. Ameitikia salamu.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, mkunga, tabibu wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hautamfanya mtu awe daktari wa akili. Utamwezesha kumjua mama anayehitaji kuonwa na daktari huyo.

## Utakachohitaji

- Mahali watu wawili wanaweza kukaa bila kusikiwa. Chumba kikikosekana, kivuli cha mkorosho mbali kidogo na foleni kinafaa.
- Viti viwili vya kimo kimoja. Wewe ukikaa kitini na yeye mkekani, hayo si mazungumzo tena, ni kesi.
- Dodoso la Edinburgh lenye maswali 10, nakala ya Kiswahili iliyokwisha kufanyiwa kazi na wataalamu. Usijitafsirie mwenyewe usiku wa kuamkia kliniki. Kulirudufu kunaruhusiwa bila kuomba kibali, mradi kila nakala ioneshe majina ya waliolitunga, jina lake na lilikochapishwa. Ukipiga kopi usikate maandishi ya chini ya ukurasa.
- Ufunguo wa kuhesabia alama, kwenye karatasi ya pekee ambayo mama haioni.
- Mashine ya presha, kipimajoto, kipimo cha wingi wa damu na kipimo cha haraka cha malaria.
- Fomu za rufaa, na simu yenye chaji na salio.
- Dakika 20 kwa mama mwenye dalili. Asiye na dalili hatakumalizia hata 5.

## Hatua ya 1: Jua utampeleka wapi kabla hujauliza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo naipa nafasi ya kwanza. Mama akikufungulia moyo kisha ukabaki umemtumbulia macho, umemfundisha kwamba kusema hakuna faida. Safari nyingine hatasema, hata kwa mwenzako.

Andika kwenye karatasi moja namba za tabibu wa kituo chako, mratibu wa afya ya akili wa halmashauri, na hospitali ya wilaya. Kisha andika za hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Walio njia ya Masasi huenda wako karibu zaidi na Ndanda au Nyangao. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, Mtwara.

Piga simu siku ambayo huna mgonjwa. Uliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani, anayepokea usiku ni nani, na kama mama anaweza kulazwa pamoja na mtoto anayenyonya. Hili la mwisho liulize kwa msisitizo, kwa sababu mama wengi hukataa rufaa kwa kuhofia kutenganishwa na kichanga. Kwa dharura za wajawazito na waliojifungua iko pia namba ya huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, 115, ambayo haikatwi salio.

Umefanikiwa pale karatasi inapokuwa ukutani na angalau namba moja inapokelewa saa nane usiku.

## Hatua ya 2: Chagua wakati

Machozi ya siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi. Mama analia maziwa yakimjaa, analia mgeni akichelewa, kisha anacheka. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ukilitoa dodoso kipindi hicho utajaza rejesta watu wasio na ugonjwa. Mpe pole, muombee wa nyumbani wampumzishe, mwangalie tena. Ikivuka wiki mbili, hapo ni habari nyingine.

Wakati mzuri kuliko wote huku kwetu umekuja wenyewe. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na chanjo ya wiki ya sita inaangukia siku ya 42. Yaani anatoka ndani leo, keshokutwa yuko kwako. Mtumie siku hiyo. Rudia kwenye chanjo ya wiki ya 14, na siku yoyote ya mizani ndani ya mwaka wa kwanza ukiona uzito wa mtoto umesimama bila sababu. Sonona haina ahadi na wiki ya sita. Yaweza kuanza mtoto akiwa na miezi minane.

Wako wa kuwatembelea mapema nyumbani, ndani ya zile arobaini: aliyewahi kuugua sonona, aliyefiwa na mtoto tumboni au baada ya kuzaliwa, aliyejifungua njiti, aliyepata kifafa cha mimba, anayepigwa nyumbani, na binti aliyekatishwa shule na mimba.

Halafu kuna korosho. Kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka familia nyingi zinahamia shambani kuokota, na mama na kichanga wanakwenda nao. Ukipanga uchunguzi wako Novemba bila kumtuma mhudumu wa jamii mashambani, utapima walio karibu na barabara tu.

## Hatua ya 3: Mtenganishe na aliyemsindikiza, kwa adabu

Ukimwambia mama mkwe "Naomba utupishe", umeanzisha vita na umemwachia mama adhabu ya kwenda nayo nyumbani. Mpe kwanza heshima yake, kisha kazi:

"Shikamoo mama. Pole na safari. Kila mzazi hapa tunamhudumia peke yake dakika chache, ndio utaratibu. Naomba unishikie kadi hii pale kwa mwenzangu wa dirisha la dawa, akuandikie namba."

Neno "kila mzazi" ndilo linalomwokoa mama. Na liwe kweli. Ukiwaita faragha wenye macho mekundu tu, kufikia wiki ya pili kijiji kizima kitajua maana ya kuitwa kwenye kivuli kile.

Mtoto abaki na mama. Utaona anavyomshika, kama anamtazama usoni, kama mtoto akilia anashtuka au anaangalia mbali.

Lugha nayo ni faragha. Wako wazazi, hasa vijijini kabisa, ambao Kiswahili wanakijua cha sokoni lakini uchungu wao wanausema kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mkalimani awe mtumishi mwenzako aliyefundishwa kutunza siri. Asiwe ndugu, asiwe jirani, asiwe mtoto wake mkubwa.

Hapa niliteleza mimi. Mzazi mmoja alikuja wiki ya sita na mama mkwe wake, nikamuuliza maswali yote kumi huku bibi yule akitafsiri kwa moyo mkunjufu. Alama zikatoka 4. Wiki kadhaa baadaye mtoto uzito umeshuka. Safari hii nikamkalisha nje, peke yake, na mwenzangu anayejua lugha yake. Alikuwa anazungusha fundo la kanga kidoleni, analifungua, analifunga, maziwa yamemlowesha blauzi na hana habari. Alama zikatoka 17. Dodoso lilikuwa lile lile.

## Hatua ya 4: Vuka salamu

Salamieni, zimalizeni zote. Usizikate, maana kukata salamu ni utovu wa adabu na mama atajifunga. Ila jua kwamba hadi hapo hujauliza kitu.

Manesi wengi huanza na "Hongera kwa kujifungua!" Hongera inadai ahsante na tabasamu. Mama asiye na furaha anajiona ana kosa tayari, maana umemwambia anachotakiwa kukihisi. Anza na pole. Hata pole ina jibu lake la kukariri, "nimeshapoa", kwa hiyo iwe pole ya kitu kinachoonekana: "Pole na usiku, mdogo wangu. Naona macho hayajalala."

Kisha uliza mambo ambayo hayajibiki kwa salama:

"Jana usiku mtoto aliamka mara ngapi?"

"Alipolala, wewe ulilala?"

Swali hili la pili lina thamani kuliko mengi utakayouliza. Kila mzazi halali vizuri. Lakini mama ambaye mtoto amelala fofofo, nyumba imetulia, na yeye macho yako kwenye dari hadi adhana ya alfajiri, huyo amekwambia kitu.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja mpaka kumi. Utaona ni ndefu mno na utatamani kumsaidia kujibu. Usimsaidie. Jibu la kweli mara nyingi huja kwenye saba au nane.

Usisubiri aseme "nina sonona". Neno hilo ni la kwetu wa makoti. Yeye atasema ana mawazo, moyo mzito, hana raha, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umeisha nguvu, "mtoto simwoni kama wangu", "nimechoka tu". Wengine wataleta mgongo au tumbo, wiki baada ya wiki, na kila ukipima huoni kitu. Yaandike maneno hayo kama alivyoyasema. Utayatumia kumuuliza yanayofuata, kwa kuwa swali linaloulizwa kwa neno lake mwenyewe analielewa bila kutafsiriwa.

Umefanikiwa pale anapokaa vizuri kwenye kiti, au anapoanza sentensi kwa "Kusema kweli..."

## Hatua ya 5: Maswali mawili ya mlangoni

Haya waulize wazazi wote:

1. Katika mwezi huu mmoja uliopita, umekuwa ukisumbuliwa mara kwa mara na unyonge, kukosa raha au kukata tamaa?
2. Katika mwezi huo huo, umekuwa huna hamu, au huoni raha, kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda?

Kwenye la pili taja mfano wake yeye: kupiga soga na wenzake kisimani, kusuka mkeka, kupika samaki wake vizuri.

"Ndiyo" moja inatosha kwenda hatua ya 6. "Hapana" mbili zinamruhusu kwenda zake na tarehe ya kurudi. Ila akisema hapana na machozi yanamtoka, yaamini machozi.

## Hatua ya 6: Maswali kumi ya dodoso la Edinburgh

Dodoso hili linauliza siku 7 zilizopita tu. Nalipendelea kuliko madodoso mengine ya sonona kwa sababu halimhukumu mzazi kwa kuchoka na kukosa hamu ya kula, vitu ambavyo mtu yeyote mwenye kichanga anavyo. Linagusa kucheka, kutazamia mambo kwa furaha, kujilaumu, wasiwasi, hofu, kuzidiwa na mambo, kukosa usingizi kwa sababu ya majonzi, huzuni, kulia, na wazo la kujidhuru.

Mama anayesoma mwachie ajaze mwenyewe. Asiyesoma msomee swali pamoja na majibu yote manne, kwa sauti ile ile, bila kukunja uso kwenye jibu la nne. Kila anapojibu "ndiyo" au "hapana" mrudishe: "Katika haya manne, lipi limekaribia?"

Maneno manne huteleza sana huku kwetu:

Huzuni. Wengi wanaisikia kama msiba. Utaambiwa "Sijafiwa." Eleza: "Hata bila msiba, moyo kuwa mzito."

Wasiwasi. Wapo wanaodhani unauliza kama wanamshuku mume. Sema "roho kutotulia bila sababu".

Usingizi. Swali la 7 haliulizi kama mtoto anamwamsha. Linaulizia usingizi unaokataa kwa sababu moyo hauna raha. Nesi asipolifafanua, kila mzazi atapata alama hapa.

Kujidhuru. Nimewahi kujibiwa, "Ndiyo, nilijikata na kisu cha muhogo Jumatatu." Fafanua kuwa ni kujidhuru kwa makusudi.

### Kuhesabu alama bila kukosea

Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 30. Mtego ni huu: maswali ya 1, 2 na 4 yanahesabiwa kutoka juu kwenda chini, jibu la kwanza 0 na la mwisho 3. Yale saba mengine, la 3 na la 5 mpaka la 10, yanahesabiwa kinyume, jibu la kwanza 3 na la mwisho 0.

Ukiyahesabu yote kutoka juu kwenda chini, mama mzima kabisa ambaye alistahili 0 atapata 21, na utampeleka mbio rufaa mtu asiye na tatizo. Na mgonjwa atapona kwenye karatasi. Chukua mama mwenye alama hizi za kweli, swali la 1 hadi la 10: 2, 2, 3, 2, 2, 3, 2, 2, 2, 1. Jumla 21. Ukigeuza yale saba anabaki na 12. Ndiyo maana nasema ufunguo uwe karatasi ya pekee, na mwenzako ahesabu mara ya pili.

### Alama zinasema nini

Chini ya 10: mwambie mlango uko wazi, na umpime tena wiki ya 14.

10 hadi 12: kuna jambo. Ongea naye, mtafutie msaada wa nyumbani, rudia dodoso baada ya wiki mbili. Usimwachie aende na "utakuwa sawa".

13 na kuendelea: kuna uwezekano mkubwa wa sonona. Tabibu amfanyie tathmini kamili. Alama peke yake haimpi mtu jina la ugonjwa, kama vile joto la mwili peke yake lisivyokuambia ni malaria.

Halmashauri yako ikiwa imeweka kiwango chake cha kutoa rufaa, fuata hicho. Na swali la 10 likipata alama yoyote zaidi ya 0, jumla haina kazi tena. Nenda hatua ya 7 papo hapo, hata kama jumla ni 5.

## Hatua ya 7: Kuuliza habari ya kifo

Hapa ndipo watu wanaporuka kwa hofu ya "kumpa wazo". Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Aliyenalo hupumua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na asiyenalo atakwambia hapana.

Panda ngazi taratibu:

"Wakati mwingine mzigo ukizidi, mtu huona bora asingeamka asubuhi. Wewe imewahi kukutokea?"

"Umewahi kufikiria kujiua?"

"Umefikiria kwa njia gani?"

"Hicho kitu kipo nyumbani?"

Swali la mwisho usiliache. Nyumba nyingi za wakulima wa korosho zina viuatilifu vya msimu, chupa imewekwa chini ya kitanda au juu ya boriti, wala hakuna anayeiona ni hatari. Ikiwa mama ana wazo hilo, viuatilifu vitoke nyumbani siku hiyo hiyo, viende kwa mtu mnayemwamini. Dawa za vidonge zilizobaki pia.

Uliza na la mtoto: "Umewahi kujiwa na wazo la kumdhuru mtoto?" Sikiliza jibu kwa makini, kwa sababu majibu yako ya aina mbili. Mama anayesema "wazo linanijia la kumwangusha, linanitisha, ndio maana sipiti naye karibu na kisima" anateswa na wazo asilolitaka. Anahitaji matibabu na kutulizwa, na bado mwite tabibu amsikilize leo. Mama anayesema ameambiwa na sauti amtoe mtoto, au kwamba mtoto huyu si mtu, huyo ni dharura.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi, au kunyang'anywa mtoto. Mwambie mapema kwamba swali hili unaliulizia matibabu. Lakini usimwahidi siri kamili. Sema: "Nikiona maisha yako yamo hatarini, nitamshirikisha mtu mmoja wa kutusaidia, na utamjua ni nani."

Mama mwenye mpango wa kujiua haachwi peke yake hata dakika ya kwenda msalani. Anakwenda hospitali leo, na mtu.

## Dalili ambazo hazisubiri alama

Weka dodoso chini ukiona mama aliyejifungua karibuni, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, halali kabisa na hachoki, anaongea bila mpangilio, anasikia sauti, anadai mtoto amebadilishwa, au amechanganyikiwa hajui yuko wapi. Hicho ni kichaa cha uzazi. Huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na anaweza kujiua au kumuua mtoto.

Nyumbani watasema majini, au mkono wa mtu. Usibishane, utapoteza saa mbili na mgonjwa. Sema: "Dua muendelee nayo, na hospitali twende sasa hivi. Gari moja litabeba vyote." Mpime joto na presha wakati usafiri unatafutwa, maana homa ya uzazi, malaria kali na kifafa cha mimba huweza kumchanganya mtu akili vile vile.

## Hatua ya 8: Pima mwili kabla hujamaliza

Upungufu wa damu unamfanya mtu achoke, apumue juu juu na akose hamu ya kila kitu. Mzazi aliyetokwa na damu nyingi anaweza kuonekana ana sonona kumbe damu ni kidogo, au akawa na vyote viwili. Pima damu, presha, joto, na malaria akiwa na homa. Muulize kama mkojo unamtoka wenyewe. Mwenye fistula, tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu, hujificha na huzuni yake haitibiki kwa maneno. Matatizo ya tezi la shingo nayo yanafanana na sonona, hayo tabibu atayaangalia.

Muulize kama anapigwa. Akisema ndiyo, mwite afisa ustawi wa jamii, na usimtaje mama kwa mumewe.

## Hatua ya 9: Mwambie yeye kwanza, kisha nyumbani

Mwambie kwa maneno aliyokupa mwenyewe: "Uliniambia moyo mzito na usingizi umekataa. Hali hiyo ni ugonjwa unaowapata mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Hukuuleta wewe."

Atauliza kuhusu kunyonyesha. Wengi huponea kwenye tiba ya mazungumzo na kupunguziwa mzigo. Akihitaji dawa, zipo zinazoweza kutumiwa na anayenyonyesha, na daktari ndiye atakayechagua. Asiachishwe ziwa kwa sababu ya jibu la dodoso. Na tafadhali, tusigawe diazepamu "alale kidogo". Haitibu sonona, inapita kwenye maziwa na inamlegeza mtoto.

Kisha muulize: "Nyumbani nani tumwambie?" Usidhani ni mume. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao upande wa mama una neno kubwa, na mara nyingine mjomba akisema "aende hospitali", mjadala umekwisha. Huyo aliyechaguliwa mpe kazi zinazohesabika. Kumchukua mtoto usiku kwa muda wa saa nne ili mama alale mfululizo baada ya kunyonyesha. Kumtekea maji, na huko uwandani Newala na Tandahimba, ambako maji ni safari, hii si kazi ndogo. Kumpikia. "Mtieni moyo" si kazi, ni maneno.

## Hatua ya 10: Andika, toa rufaa, fuatilia

Alama zinaandikwa kwenye rejesta ya kituo. Usiziandike kwenye kadi ya mtoto, kadi hiyo inasomwa na kila anayejua kusoma nyumbani.

Kwenye fomu ya rufaa andika jumla ya alama, jibu la swali la 10, wiki tangu ajifungue, wingi wa damu, na maneno ya mama mwenyewe. "Mgonjwa wa akili, tafadhali mwoneni" haimsaidii anayempokea. Mpigie simu anayempokea kabla mama hajapanda gari, na mwambie mama jina la atakayemkuta.

Baada ya siku 3 mhudumu wa jamii apite nyumbani. Asiseme mlangoni kwamba amekuja kwa ajili ya sonona. Aseme amekuja kumwangalia mtoto, na mtoto amwangalie kweli. Baada ya wiki 2 rudia dodoso, andika alama mpya pembeni ya ya kwanza. Zikishuka, endelea kumwona kila mwezi. Zikibaki pale pale au zikipanda, rufaa ya pili bila kusubiri.

Asipotokea, usiandike "amekataa huduma" kabla hujajua kama nauli ilikuwepo.

Yule wangu wa alama 17 alipata matibabu, na mama yake mzazi akaja kukaa naye. Mara ya nne aliyokuja alikuwa na 7. Nikamsalimu kama kawaida, habari za usiku. Akavuta kiti mwenyewe. "Wa jana ulikuwa mbaya, nesi. Kaa nikueleze."